Mmea wa Kichina unaotibu malaria: tunywe chai au tumeze vidonge?



Mama mmoja wa Pongwe, nje kidogo ya mji wetu wa Tanga, ametuandikia barua ya kurasa mbili. Anasema alikwenda harusini Arusha, na wifi yake akampa mbegu za mmea unaoitwa artemisia. Akazipanda uani ndani ya kopo la rangi, zikaota. Ameambiwa kwamba hiyo ni dawa ya Kichina inayoshinda vidonge kwa malaria, na kwamba akichemsha majani yake akawapa watoto kikombe kila jioni hawataijua homa. Anauliza mambo matatu. Je, ni kweli huo mmea ni dawa? Je, awape watoto? Na mbona wake umetoa maua ungali haujamfika kiunoni, wakati wa wifi yake kule Arusha umempita mtu kichwa?

Ni barua nzuri, na swali lake la mwisho, ambalo yeye mwenyewe ameliandika pembeni kama la kujazia nafasi, ndilo lenye siri kubwa. Tutalifikia.

La kwanza halina ubishi. Ndiyo mama, mmea huo ni dawa, tena si dawa ndogo. Majani yake yamechanika kama ya karoti, yana harufu kali inayokaribia ya kafuri, na maua yake ni vitone vidogo vya manjano ambavyo mtu anaweza kuvipita bila kuviona. Wachina huuita qinghao. Mwaka 1973 huko Changsha, nchini China, wachimbaji wa mambo ya kale walitoa hati za hariri katika kaburi lililofungwa mwaka 168 kabla ya Kristo, na miongoni mwake imo orodha ya dawa inayoutaja mmea huo. Sasa sikiliza ulikuwa unatibu nini: bawasiri. Si malaria. Homa zilikuja baadaye. Katika karne ya nne tabibu mmoja aitwaye Ge Hong aliandika kitabu cha tiba za dharura, cha kubebwa safarini, akaeleza namna ya kuutumia mmea huo kwa homa za vipindi, zile za kutetemeka leo, kesho ukaona umepona, keshokutwa ukatetemeka tena. Mtu wa Tanga hahitaji kuambiwa hizo ni homa gani.

Tangu hapo matabibu wa Kichina wameutumia kwa mambo mengi: homa inayopanda usiku na kushuka asubuhi bila jasho, joto la kiangazi, manjano. Na hawautumii peke yake. Dawa yao moja mashuhuri huchanganya qinghao na gamba la kasa wa maji baridi pamoja na mizizi mingine. Tena mfamasia wao wa jadi akichemsha dawa hizo huweka qinghao mwisho kabisa, chungu kikikaribia kuepuliwa, kwa sababu wameona kwa karne nyingi kwamba ukiuchemsha sana unaharibika. Shika neno hilo.

Mwaka 1967 vita vya Vietnam vilikuwa vimepamba moto, na malaria ilikuwa ikiwaangusha askari msituni, kwani klorokwini ilikuwa imeanza kushindwa huko. Vietnam ya Kaskazini ikaiomba China msaada. Tarehe 23 Mei mwaka huo Wachina wakakutana na kuanzisha mpango wa siri, ukapewa jina la namba kutokana na tarehe hiyo: 523. Mwaka 1969 kazi ya kupekua dawa za jadi akakabidhiwa mama mmoja wa Beijing, Tu Youyou, ambaye hakuwa na shahada ya udaktari wa falsafa wala hakuwahi kusoma ng'ambo. Yeye na wenzake wakakusanya maagizo zaidi ya 2,000 kutoka vitabu vya kale na kwa waganga. Qinghao ikajaribiwa kwa panya wenye malaria, mara ikafaulu, mara ikashindwa. Wakakaribia kuiacha.

Ndipo akarudi kukisoma kitabu cha Ge Hong, akaona jambo lililokuwa wazi siku zote. Yule mzee hakusema uchemshe. Alisema uloweke majani kwenye maji, uyakamue, unywe maji yake. Tu Youyou akajiuliza kama moto ndio uliokuwa unaua dawa. Akaacha kuchemsha, akatumia etha, kimiminika ambacho huchemka kwenye nyuzi 35 tu, chini ya joto la mwili wa mtu. Oktoba 1971 sampuli namba 191 iliua vimelea vyote ndani ya panya. Mwaka 1972, kabla ya kumpa mgonjwa yeyote, mama huyo na wenzake wawili waliinywa wao wenyewe kuona kama haina sumu. Mwaka huohuo kile kiini cheupe kilichomo kikatengwa, ndicho tunachokiita leo artemisinini. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel, pamoja na wataalamu wengine wawili wa dawa za minyoo.

Kwa hiyo, mama wa Pongwe, wifi yako hakukudanganya kuhusu asili ya dawa. Lakini hebu tuulize: safari ile ya kutoka majani hadi kidonge ilileta faida gani, ikiwa majani yenyewe yapo uani?

Sisi wa mkoa huu tuna sababu ya kulijua jibu kuliko wengi. Mwaka 1902 Wajerumani walifungua kituo cha utafiti wa kilimo Amani, katika milima ya Usambara, na miongoni mwa miti waliyoileta ni ule wa kwinini kutoka Amerika ya Kusini. Vita Kuu ya kwanza ilipofunga njia za meli, dawa ya askari wao ilitengenezwa kwa magome ya miti hiyo ya Usambara. Baadaye, walipokuwa wakikimbizwa kusini na hawana tena maabara, walichemsha magome hayo wakanywa maji yake machungu, wakayatania kwa kuyapa jina la mkuu wao, kana kwamba ni pombe: "gongo la Lettow". Walikunywa kwa sababu hawakuwa na kingine. Walipokuwa na vidonge walimeza vidonge.

Kisha ikaja zama ya klorokwini, na wengi wetu tuliomo mjini humu tumekua nayo: uchungu wake, na mwasho ule wa kukuna ngozi usiku kucha. Ikachoka. Mwaka 2001 Serikali iliiondoa katika matibabu ya kwanza, ikaweka SP. Lakini hata kabla ya siku hiyo, uchunguzi uliofanywa kwa watoto wa vijiji vya Muheza katika miaka ya 1990 ulikuwa umeonyesha kwamba vimelea vya huko vimeshaizoea SP kwa kiwango kikubwa. Tulipewa mwavuli uliokwisha kutoboka. Watu wa Muheza, Korogwe na Tanga walizika watoto wengi katika miaka ile, na sidhani kama yupo msikilizaji wa umri wangu ambaye hana jina moja la kulikumbuka.

Mwishoni mwa 2006 ndipo dawa iliyotokana na ule mmea wa Kichina ilipofika katika zahanati zetu, ikiwa na jina refu la kitaalamu ambalo wananchi walilifupisha vizuri kuliko wataalamu: dawa mseto. Zanzibar walikuwa wamekwisha kuanza aina yao ya mseto mwaka 2003.

Nalipenda jina hilo kwa kuwa linaeleza kazi yenyewe. Mseto jikoni ni wali na choroko katika chungu kimoja. Katika kidonge kimoja cha ALu mna artemetha miligramu 20, ambayo ni mtoto wa artemisinini, na lumefantrini miligramu 120, nayo pia ilibuniwa na Wachina. Artemetha ni mkali na mwepesi: huingia kwenye damu na kufyeka vimelea kwa kasi ambayo hakuna dawa nyingine imeifikia, lakini baada ya saa chache imetoka mwilini. Wanaobaki, hata wakiwa wachache tu, wangezaliana tena na homa ingerudi. Hapo lumefantrini, ambayo ni nzito na hukaa siku kadhaa, humaliza waliobaki. Mmoja anafyeka, mwingine anapalilia. Ndiyo maana dozi ni mara sita kwa siku tatu, ya pili saa nane baada ya ya kwanza, na ndiyo maana unaambiwa umeze pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, maana lumefantrini bila mafuta haiingii vizuri mwilini. Mtu anayemeza mara tatu, akajisikia nafuu, akawawekea wengine zilizobaki kabatini, amefyeka bila kupalilia.

Sasa turudi kwenye kikombe cha chai, tufanye hesabu ya sokoni. Watetezi wa chai hiyo huagiza gramu 5 za majani makavu kwa lita moja ya maji. Majani bora kabisa, ya mbegu iliyochaguliwa, huwa na artemisinini kiasi cha asilimia 1 hivi. Asilimia 1 ya gramu 5 ni miligramu 50. Hiyo ni kama maji yangeikamua yote, na maji hayawezi, kwa sababu artemisinini haipendi maji, hupenda mafuta na etha. Ilhali mtu mzima anayetibiwa kwa artemisinini tupu alihitaji mamia ya miligramu kila siku. Na hapo bado hatujasema kwamba majani ya uani kwako si majani ya shamba lililochaguliwa, kwamba ya juma hili si ya juma lijalo, na kwamba kila anayechemsha anachemsha kwa moto wake.

Wapo wanaojibu kuwa kwenye chai mna vitu vingine vingi vinavyosaidiana na artemisinini. Ni hoja ya kusikilizwa, maana hata Wachina walichanganya. Lakini dawa hupimwa kwa mgonjwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo uliwagawa watu wazima wenye malaria, wengine wakapewa chai ya artemisia kwa siku saba, wengine kwinini. Mwisho wa juma la kwanza wengi wa wanywa chai walionekana wamepona, ingawa si kwa kiwango cha wale wa kwinini. Ilipofika siku ya 28, wengi wa wanywa chai vimelea vilikuwa vimewarudia. Ndiyo hatari ya chai hii, ndugu msikilizaji: haishindwi kabisa. Ingekuwa haifanyi kitu, watu wangeiacha siku ya pili. Inashusha homa, mtoto anacheka, anaomba uji, jirani anasadiki, na vimelea vimejificha. Utafiti mwingine wa Maniema, mashariki ya Kongo hiyohiyo, uliowahi kusema chai inashinda vidonge, jarida lililouchapisha liliufuta mwaka 2020. Shirika la Afya Duniani nalo lilikwisha kutamka mwaka 2019 kwamba haliungi mkono majani, chai wala unga wa artemisia kwa kutibu au kukinga malaria.

Kuna na mkanganyiko wa majina. Katika nyanda zetu za juu, Usambara na Kilimanjaro, inaota pakanga, ndugu wa artemisia ya Kichina, na wenyeji huitumia kwa kikohozi, mafua na tumbo. Wasomaji wa Biblia wanalijua neno hilo kwa uchungu wake. Mmea huo una manufaa yake ya jadi na sina ugomvi nao, lakini kwa kawaida hauna artemisinini. Anayeuza pakanga kwa jina la artemisia anauza ukoo bila mtu. Wachina wenyewe walikwama hapo: mmea ambao wataalamu wao wa mimea waliupa jina la qinghao si ule wenye dawa. Wenye dawa ni yule ndugu yake wa maua ya manjano.

Mwaka 2020, wakati wa korona, mmea huu ulipata umaarufu mpya. Mwezi Mei Serikali yetu ilituma ndege Madagascar, waziri wa mambo ya nje wa wakati huo, Profesa Palamagamba Kabudi, akiwa ndani, kuchukua kinywaji cha artemisia kilichotangazwa huko kuwa kinga na tiba. Ushahidi wa kwamba kilitibu korona haukupatikana. Lakini jina la artemisia lilibaki midomoni, na nashuku mbegu za wifi wa Arusha zilianza safari yao katika msimu huo. Wakulima wa Arusha walikwisha kuulima kwa biashara katika miaka ya 2000, wakati viwanda vya dawa vilipokuwa vinautafuta kwa udi na uvumba, kisha bei ikaanguka ghafla karibu na mwaka 2007 na wengi wakang'oa.

Basi tufike kwenye maua, kama nilivyoahidi. Mmea huu huhesabu urefu wa usiku. Kwao China wakati wa kiangazi mchana ni mrefu, unazidi saa kumi na tatu, na mmea hukua tu, majani juu ya majani, hadi urefu wa mita mbili. Mchana unapofupika mmea hujua baridi inakuja, huacha kukua na kutoa maua. Tanga tuko nyuzi tano tu kusini mwa Ikweta. Mchana wetu ni saa kumi na mbili, mwaka nenda mwaka rudi. Mmea ukiota hapa huamini kwamba kiangazi kimekwisha kabla haujaanza, nao huharakisha kuzaa kabla ya kufa. Joto la pwani linauharakisha zaidi. Arusha, penye mwinuko wa mita 1,400 hivi na ubaridi, huchelewa kidogo, na wakulima wa huko walitumia mbegu zilizozalishwa makusudi ili zichelewe kutoa maua. Mbegu za namna hiyo ukizivuna na kuzipanda tena, watoto hawafanani na mama.

Kwa nini hilo ni la muhimu? Kwa sababu dawa imo ndani ya vifuko vidogo visivyoonekana kwa macho, juu ya majani na maua, na mkulima huvuna mmea ukiwa umejaa majani, maua yakikaribia kuchanua. Mche mfupi ulioharakisha una majani machache, na kiasi cha dawa ndani yake hakuna awezaye kukijua kwa kuonja. Uchungu si kipimo. Shubiri nayo ni chungu.

Lipo jambo moja limebaki, nalo linahusu watu wasio wa nyumba ya mama wa Pongwe. Katika uchunguzi wa miaka ya 2021 na 2022 wataalamu wetu walikuta mkoani Kagera vimelea vyenye badiliko linaloitwa R561H, ambalo huvifanya vichelewe kufa mbele ya artemisinini. Wilayani Karagwe vilikuwa zaidi ya kimoja katika kila sampuli tano. Dawa mseto bado inaponya huko, kwa sababu lumefantrini ingali inapalilia. Simsingizii mnywa chai yeyote kwa hayo ya Kagera. Lakini kumpa mtoto artemisinini kidogo kila jioni, isiyotosha kuua, ni sawa na kumwonyesha mwizi kila usiku jinsi kufuli lako linavyofunguka. Klorokwini ilikwenda hivyo, SP ikafuata. Hii ya sasa ikienda, sijui stoo gani ina nyingine ya kufanana nayo.

Na kwa watoto hapana muda wa kujaribu. Kati ya mwaka 2005 na 2010 hospitali ya Teule, Muheza, na ile ya Magunga, Korogwe, zilishiriki katika utafiti mkubwa wa nchi tisa za Afrika, wa watoto 5,425 wenye malaria kali. Nusu walipewa sindano ya kwinini, ile ya kuvumisha masikio, na nusu sindano ya artesunate, mtoto mwingine wa mmea huu. Katika kila watoto 1,000, waliofariki kwa kwinini ni 109, kwa artesunate ni 85. Watoto 24 katika kila elfu wamebaki hai kwa sababu ya mmea wa manjano, lakini ukiwa ndani ya chupa ya sindano yenye kipimo, mikononi mwa muuguzi.

Kwa hiyo, mama yetu, mtoto akichemka mpeleke zahanati siku hiyohiyo, akatobolewe kidole kwa kipimo cha haraka. Huenda si malaria. Mwaka 2022, kwa nchi nzima, watoto wa chini ya miaka mitano waliokutwa na vimelea walikuwa asilimia 8, kutoka asilimia 18 za mwaka 2007/08, na kwa hiyo homa nyingi siku hizi zina baba mwingine, nimonia au mkojo mchafu, ambao hata mseto hauwajui. Kipimo kikisema ndiyo, mpe dozi kwa uzito wake hadi kidonge cha mwisho. Akipata degedege, akitapika kila kitu, akilegea au akikataa kunyonya, usingoje asubuhi. Najua wazee wetu wa pwani wana maelezo yao kuhusu degedege na ndege wa usiku, na mganga atakayekusindikiza hospitali kwanza, kisha akafanya dua yake, hana kosa kwangu.

Mche wako usiung'oe. Uache ukauke na maua yake. Matawi yake makavu yana harufu ambayo wadudu wengi hawaipendi, na yatakufaa ndani ya sanduku la kanga. Chandarua usikitoe.